Sekunde Tisa za Baba

3 Machi

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona barua ya karatasi kama watu wa zamani. Simu siwezi. Kumbukumbu za Mama zimekwenda lakini masikio yake yapo palepale, na akisikia tu sauti yako ananinyang'anya simu na kukuuliza kama umeshatoka shule. Wewe unamjibu "bado, Mama," unakata, halafu mimi ndiye ninayebaki na mtu anayemwekea mtoto wa shule chakula mpaka jioni. Kwa hiyo naandika hapa kwenye meza ya cherehani, kwenye daftari la vipimo. Yeye anadhani naandika kiuno cha mteja.

Habari yenyewe ni hii. Mama amesahau sura ya Baba. Jina lake analiita kutwa, ila nikimpa ile picha ya kitambulisho anasema, "Huyu nani? Mbona amenuna hivi?" Na kweli amenuna. Baba, mzee wa mizaha, aliyekuwa akijifanya amezimia ili Mama aache kumsema, tumebaki na picha yake moja tu ya maana na humo amenuna. Wiki iliyopita Mama aliniuliza, "Mume wangu alikuwa anatembeaje?" Nikamwonyesha. Nikapita sebuleni na bega moja chini, hivyo alivyokuwa anatembea akitoka karakana. Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikaenda jikoni kulia.

Sasa nimepata fremu ya umeme. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alinunua nyingine akanipa hii ya zamani. Unaitundika ukutani, unachomeka kadi, inaonyesha picha, na ina spika ndogo kama kifungo cha koti. Nimeitundika mbele ya kiti cha Mama, karibu na mlango. Nikakumbuka ile video uliyompiga Baba asubuhi ya kuondoka kwako. Msibani ulinionyesha mwanzo wake tu, Baba akitoka karakana ameinua mkono, halafu ukaifunga ukasema huwezi kuitazama. Sikukulazimisha.

Wewe ndiyo kazi yako. Nitengenezee kipande kidogo kinachojirudia chenyewe, kama zile picha za kwenye simu, mtu anacheka, akimaliza anaanza tena. Mama amwone mume wake akitembea. Sitaki kingine.

Halafu niambie tena, hata kama umeshaniambia mara mia. Wewe ndiye wa mwisho kumwona. Alikuwa mzima kweli? Shangazi alipita juzi, na unajua mdomo wake hauna breki. Akasema mbele ya Mama, "Ndugu yangu alianguka mlangoni, hatua tatu kutoka kwa binti yake, na binti anashona tu." Huu ni mwaka wa tatu ananiimbia wimbo huohuo. Nimechoka, lakini namjibu nini? Nilikuwa nashona kweli.

Dada yako


19 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kazini, nikajificha chooni kama mwanafunzi. Siku hizi tunatengeneza matangazo ya skrini za madukani: kikombe kinachofuka mvuke bila kupoa, kiatu kinachozunguka bila kufika. Sikuwahi kufikiri nitamtia Baba humo.

Nimefanya ulichoomba na kadi iko ndani ya bahasha, nimeifunga kwenye karatasi ya sigara isikwaruzwe. Usimwambie Mama kuhusu sigara.

Nikueleze kidogo, kwa sababu najua utauliza. Video ni picha nyingi zilizopanga foleni, ishirini na tano kwa kila sekunde. Ile yote ni sekunde tisa. Nimechukua tatu tu za mwanzo. Shida ya kitu kinachojirudia ni pale mwisho unapokutana na mwanzo, visipofanana kinaruka. Baba hakunisaidia. Mwanzo yuko karakana, mwisho yuko karibu na ngazi ya mlango, ukiziunganisha hivyohivyo anaruka nyuma kama panzi. Kwa hiyo nimetumia ujanja wetu wa kazini. Inakwenda mbele mpaka anapofika karibu, kisha inarudi nyuma kwa njia ileile, kisha mbele tena. Mshono hauonekani kabisa. Wewe fundi utanipa maksi zangu.

Nimeikata pia pembeni ili uso uwe mkubwa, Mama aone vizuri. Sauti haina. Video yenyewe nzima ninayo, nimeihifadhi sehemu tatu, usiwe na wasiwasi kwamba itapotea.

Hilo jingine, Dada, usimsikilize Shangazi. Nilimwacha Baba mzima. Alitoka karakana, akanipungia mkono, nikaondoka. Kilichompata kilimpata baadaye na hakuna aliyeweza kujua.

Mziwanda wako


7 Aprili

Mdogo wangu, marahaba.

Maksi zote unazo. Nilipoichomeka kadi, Mama alikuwa anachambua uzi kwenye mapaja. Akainua macho. Akasema, "Huyo! Huyo ndiye!" Akajitengeneza kitambaa kichwani, mwanamke wa miaka sabini na moja, akajifuta mdomo. Nilikaa chini sakafuni. Baba anatembea! Bega lile lile, aproni ile yenye mfuko uliochanika ambao kila siku nilisema nitaushona.

Siku tatu nyumba ilikuwa na raha ambayo sijaiona tangu msiba. Mama anaongea naye. Anamwambia bei ya vitu, anamshtakia mimi. Anakula sahani nzima. Akija mteja anamwambia, "Usipite hapo mbele, unamziba mume wangu." Mteja anainama na kupita pembeni, amwambie nini?

Kuna mambo mawili madogo tu. La kwanza, kila baada ya muda ananiambia, "Mpe kiti, hajisikii vizuri." Namuuliza kwa nini, anasema, "Uso si wake." Nacheka naye, namwambia hiyo ni mizaha yake ya kawaida. La pili ni hili. Jana aliniita akaniuliza taratibu, kama mtu asiyetaka ugomvi: "Kwa nini akifika anarudi?" Nikasema nani? "Baba yenu. Anakuja vizuri, akikaribia mlango anarudi kinyumenyume. Mmemwambia nini?"

Nikamweleza kwamba ni picha. Akanitazama kama mimi ndiye niliyeishiwa akili.

Halafu swali la fundi kwa fundi. Umeikata sana upande mmoja. Mkono wa kulia umeinuka, tunauona, lakini wa kushoto wote hauonekani, umeishia begani. Mtu anaonekana kama nguo iliyokatwa vibaya. Huwezi kuupanua kidogo?

Dada yako


22 Aprili

Dada, shikamoo.

Nafurahi Mama anakula. Kazi zimetubana, nitaandika kifupi.

Siwezi kuipanua. Upande ule kulikuwa na ndoo na nguo za kuanika, hazipendezi, na fremu yako ni nyembamba. Mkono wa kushoto ni mkono tu. Mama mwache, wagonjwa wa namna yake kila siku wana jipya, wiki ijayo atakuwa amesahau.

Na mambo ya uso, Dada, na wewe usianze. Nimeshasema nilimwacha mzima. Sipendi kuulizwa kama mtu aliye kituo cha polisi.

Mziwanda


9 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Sijakuuliza kama polisi. Nimeuliza kama dada. Lakini yaishe, nina makubwa zaidi.

Hakusahau. Vingine vyote anasahau, hata kwamba amekunywa dawa, ila hilo limemkaa. Ameamua kwamba mtu anamzuia Baba asiingie, na mtu huyo ni mimi. Asubuhi nikifungua macho namkuta amekaa wima anatazama ukuta. "Amefika tena," ananiambia. "Umemfukuza tena." Nafungua mlango kabisa, namwonyesha: tazama Mama, uko wazi, hakuna mtu. Anautazama uwanja, anatazama fremu, kule Baba anakuja na kurudi, anakuja na kurudi. Ananiambia, "Akiniona mimi anakuja, akikuona wewe anarudi."

Sasa mlango haufungwi kutwa. Vumbi lote la barabarani linaishia kwenye vitambaa vya wateja. Chakula hali mpaka Baba akae. Amevuta kiti akakiweka kizingitini, kile cha mikono ambacho Baba alimtengenezea, na nikikigusa analia. Amekonda, mdogo wangu. Mikono imekuwa kama ya mtoto. Muuguzi wa zahanati alikuja akampima, akasema bila kuzunguka: akiendelea hivi hafiki mwisho wa mwaka.

Shangazi naye alikuja akakuta Mama ananifokea, "Ulimfungia mlango mume wangu!" Unadhani alinyamaza? Alisema, "Mgonjwa hasemi uongo." Akabeba mkoba wake akaondoka, na kuanzia hapo majirani wananisalimia kwa jicho la pembeni.

Nimefikiri sana na naona dawa ni moja. Huo ujanja wenu wa mbele na nyuma ndio uliotuponza. Hukukosea kwa makusudi, ulitaka mshono usionekane, lakini umemfanya Baba awe mtu anayekataliwa mlangoni kwake, kila sekunde sita, kutwa nzima. Mwingize ndani. Video ni sekunde tisa, umesema mwenyewe. Zikibaki sita, lazima kuna mahali amefika mlangoni na kuingia. Nitumie hiyo. Mama amwone akivuka kizingiti basi, atatulia.

Tafadhali, kwa haraka.

Dada yako


25 Mei

Dada, shikamoo.

Nasikitika kwa hayo yote. Nina habari mbaya pia. Ile video nzima imepotea. Simu ya zamani iliingia maji na nilikuwa nimeihifadhi humo tu. Hizo sekunde tatu ndizo zilizobaki.

Hata hivyo, hizo nyingine hazikuwa na kitu. Alisimama tu hapo nje, nikazima.

Ushauri wangu, itoe fremu ukutani. Atalia siku mbili, atazoea.

Mziwanda


8 Juni

Nimeitoa fremu. Nilifuata ushauri wako, fundi wa picha.

Hakulia siku mbili. Alipiga kelele asubuhi moja tu, kisha akanyamaza, nikadhani amezoea kama ulivyosema. Mchana mvua ikanyesha. Nilikwenda nyuma kuanua nguo, niliporudi kiti cha Mama kiko kitupu. Nilimkuta karakana. Amekaa chini kwenye vumbi la mbao lililolowa, amekumbatia aproni ya Baba, anatetemeka meno. Akaniambia, "Nimekuja kumchukua mwenyewe, kwa sababu nyinyi hamtaki. Anaumwa moyo. Anaushika hivi." Akauweka mkono wake wa kushoto kifuani.

Wa kushoto, mdogo wangu.

Nilimbeba mgongoni. Hana uzito tena. Nikambadilisha nguo, nikairudisha fremu ukutani, nikavuta kiti nikakaa mbele yake mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza kama mteja anayekagua kazi. Nimeshona miaka ishirini. Najua nguo inavyovutika mwilini. Mkono wa kushoto umeukata, lakini aproni hukuweza kuikata. Kifuani imekusanyika, mikunjo yote inakwenda upande mmoja, kama mtu ameishika na kuikaza ngumi. Miezi miwili inapita mbele yangu na sikuiona. Mama, ambaye hajui leo ni siku gani, aliiona siku ya kwanza.

Halafu nikatoa barua zako kwenye daftari la vipimo. Tarehe 19 Machi uliandika: "nimeihifadhi sehemu tatu." Tarehe 25 Mei: "nilikuwa nimeihifadhi humo tu." Mwongo anatakiwa asome barua zake mwenyewe kabla ya kutuma nyingine.

Nakuuliza mara ya mwisho, na sasa ndiyo nauliza kama polisi. Katika hizo sekunde sita kuna nini?

Dada yako


21 Juni

Dada,

Sijui kama nina haki ya kukuamkia. Shikamoo.

Video ninayo. Iko kwenye kadi, ndani ya bahasha hii, sekunde zote tisa, sijaikata popote. Lakini kabla hujaiwasha soma kwanza, ili usikie kutoka kwangu.

Unakumbuka alivyokuwa akisema wiki ile? "Ukiondoka nitaugua siku hiyohiyo, uone utapandaje gari." Kila mtu alicheka. Asubuhi ile Mama alikuwa amekwenda sokoni. Wewe nilipita chumbani kwako nikakuaga kwa kupiga kelele juu ya cherehani, ukaniinulia mkono bila kugeuka. Nilisimama sebuleni na begi langu, nikatoa simu nimpige Baba picha ya mwisho akitoka karakana.

Akatoka. Mkono wa kulia ameinua, wa kushoto kifuani. Hakuwa akinipungia, Dada. Alikuwa ananisimamisha. Mimi nikasema, utaisikia sauti yangu, "Ameanza huyo!" Nikacheka. Akafika mlangoni, akashika fremu ya mlango, mguu mmoja ndani. Akasema, "Nishike." Mimi nikasema, "Baba, leo huniwezi."

Hapo video inaisha, kwa sababu niliizima. Gari lilikuwa linapiga honi. Nikabeba begi, nikapita ubavuni mwake, nikampiga bega, nikamwambia, "Msalimie Mama." Hakujibu. Nilidhani anajikaza asicheke. Sikugeuka nyuma.

Uliponipigia nilikuwa njiani bado. Nikaiangalia ndani ya gari, katikati ya watu wanaokula. Nikaelewa. Na mtu wa kwanza aliponiuliza, nilijikuta nimesema, "Nilimwacha mzima, alinipungia." Kila mtu akaipenda hadithi hiyo. Mama akawa anawasimulia wageni. Nilishindwa kuirudisha. Shangazi alipoanza kukusema wewe, nilijiambia ataacha. Hakuacha, nami nikakaa kimya, kwa sababu bora lawama ikae kwako kuliko kwangu. Nimeiandika kama ilivyo. Ndiyo maana sijakanyaga nyumbani miaka mitatu, siwezi kupita ule mlango.

Ulipoomba ile picha nilifurahi, amini usiamini. Nilidhani nikiikata vizuri, nikaacha sekunde tatu nzuri tu, hata mimi nitapata Baba mwingine. Nilikaa nazo siku nne, picha moja moja, nikitafuta mahali ambapo bado haumwi. Hapakuwapo. Ndipo nikakata pembeni.

Kwa Mama nimefanya hivi. Hii haijirudii. Nimeiweka iende mara moja mpaka mguu wa Baba uko ndani, kisha ibaki hapo, imetulia. Atamwona ameingia.

Nisamehe, au usinisamehe. Ila mwonyeshe Mama.

Mziwanda


2 Agosti

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeiona.

Kwenye msiba wa Mama hatukusalimiana, kwa hiyo nakuandikia. Ulikuja, ukashika koleo pamoja na wanaume, ukaondoka kabla vyombo havijaoshwa. Mlangoni hukupita, nilikuona ukizungukia uani. Kuna mambo hukuyasikia na unastahili kuyajua, yote, bila kukatwa pembeni.

Kadi ilifika Jumatatu. Niliisoma barua yako mara mbili, kisha nikaichomeka. Sikutaka Mama aone, nilitaka nione mimi kwanza, lakini yeye alikuwa kitini kwake na sauti ikatoka. Akasikia "Ameanza huyo." Uso ukamng'aa. Akasema, "Mwanangu ametoka shule!" Halafu Baba akafika mlangoni akasema, "Nishike."

Mama alisimama. Tangu ile siku ya mvua alikuwa hawezi kusimama bila mimi. Alisimama peke yake, akanyoosha mikono miwili kuelekea ukutani, akasema, "Nimekushika. Nimekushika, mume wangu, ingia." Picha ikatulia hapo ulipoitegea, mguu ndani. Mama akashusha pumzi. Akaketi. Akanitazama mimi na kusema, "Ameingia." Nami nikasema ndiyo Mama, ameingia. Akaniomba chakula.

Alikula, mdogo wangu. Nakwambia alikula, na kwa muda huo nilikusamehe kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kalamu.

Lakini wewe unajua picha, hujui fremu. Fremu kazi yake ni kupitisha picha zilizo kwenye kadi moja baada ya nyingine. Ikimaliza moja inatafuta ya pili. Wewe umeweka moja tu. Baada ya dakika moja ya kutulia, ikatafuta ya pili, haikuiona, ikarudi kuichukua ileile. Baba akawa tena karakana. "Ameanza huyo." Ungeweka hata picha ya kuku pembeni yake, ingetuokoa.

Mama akasimama tena. "Nimekushika." Akaketi. Dakika, akasimama tena. Nikaenda kuichomoa, akanishika mkono akanisihi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Usimwachie, ataanguka." Nikaiacha. Nikajiambia leo tu, atachoka, kesho nitampelekea fundi simu aongeze picha nyingine. Nikakaa naye mpaka saa kumi, nikimshika kiuno kila anaposimama. Kila mara anauliza jambo lilelile: "Mwanangu yuko hapo ndani, namsikia anacheka. Mbona hamshiki baba yake?"

Nikamketisha tena.

Saa kumi mteja akaja kuchukua gauni, bado pindo. Dakika tano tu. Nikaenda chumbani, nikakanyaga cherehani. Unajua kelele zake.

Nilimkuta mlangoni. Alikuwa amekiruka kile kiti cha kizingitini, sijui kwa nguvu gani, ameanguka kifudifudi, mikono imenyooka mbele, nusu ndani nusu nje. Palepale. Na nyuma yangu ukutani sauti yako inasema, "Baba, leo huniwezi." Nyonga ilivunjika. Hospitali alikaa siku tisa.

Sasa tuje kwenye msiba. Ulisimama uani, hatua chache kutoka pale walipokaa wanawake. Shangazi akasema, kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Baba yake alikufa, yeye anashona. Mama yake amekufa, yeye anashona. Huyu cherehani yake ina nini?" Watu wakainama. Mimi nilikutazama wewe. Nilingoja. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa gauni langu, nimeikunja mara nne, na sikuitoa kwa sababu niliamini utasema mwenyewe. Nilikuona umesikia. Ukainama ukafunga kamba za viatu, nazo zilikuwa zimefungwa.

Kuhusu Mama, Shangazi amesema kweli, na hilo nitalibeba mimi. La Baba si langu. Nimelibeba miaka mitatu kwa ajili ya mtu aliyekuwa anajua.

Jumamosi ya tarehe 16, saa nne asubuhi, Shangazi na wenzake wanakuja kugawana nguo za Mama. Fremu nimeirudisha ukutani. Kadi imo, moja tu, ileile. Nimepanga viti, kile cha mikono nimekiweka mbele kabisa, na nimekiacha wazi kwa ajili yako. Mlango nimeufungua, nao ni ule ule, huna pa kuzungukia.

Ukija, utasema, nami sitaiwasha. Usipokuja, saa nne na nusu nitaiwasha, Baba aseme mwenyewe, aseme tena na tena mpaka waniombe nizime.

Dada yako